Jibu kwa bi harusi mtarajiwa wa Mikanjuni aliyejaribu tamponi

Msomaji ameandika: "Shikamoo mama. Nina miaka 22, naishi Mikanjuni, Tanga. Mwezi uliopita tulikwenda kuogelea Raskazone na mashoga zangu, na mimi nilikuwa mwezini. Shoga mmoja akanipa tamponi. Nilijaribu chooni haikuingia, nikasukuma kwa nguvu, ikauma, nikaiacha. Nilipojifuta niliona tone la damu nyekundu. Tangu siku hiyo silali. Posa imeshapokelewa, harusi ni Mfungo Mosi, mara baada ya Ramadhani, na shangazi ameshasema kisarawanda, kile kitambaa cheupe cha kuonea damu usiku wa harusi, kitatandikwa kama walivyotandikiwa wao. Je, nimejitoa bikira? Nimwambie mchumba wangu? Na mama anataka niende hospitali kwa sababu damu yangu hutoka siku tisa, mabonge mabonge, na nikipanda ngazi nasikia kizunguzungu, lakini naogopa daktari ataniingiza vyuma amalizie kilichobaki."

Marahaba, mwanangu. Bikira yako iko pale pale. Nimeanza na hilo kwa sababu najua usingekuwa na subira ya kusoma jingine kabla yake. Bikira ni mtu ambaye hajakutana kimwili na mwenzake, na pamba iliyosokotwa haimo katika hesabu hiyo. Hata kama ingeingia yote, ikakaa saa nne, ikatolewa, ungebaki vile vile ulivyotoka nyumbani asubuhi ile.

Lakini barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikifika mwisho nasimama. Siku tisa, mabonge, kizunguzungu. Umeyaweka maneno hayo mkiani kana kwamba ni jambo dogo, na mimi ndiyo yaliyonishika. Nitayarudia. Nakuomba usome mpaka hapo.

Kwanza kizinda chenyewe, maana tumekisikia kwa jina tangu utotoni bila ya kuelezwa kilivyo. Wengi wanaamini kuwa mlangoni mwa uke pamewambwa ngozi kama ngoma, na siku ya kwanza ngoma ile inapasuka. Sasa jiulize: tangu uvunje ungo, kila mwezi, damu imepita wapi? Ngozi ingekuwa imewambwa isingetoka hata tone. Kizinda ni mkunjo wa nyama laini, inayofanana na ile ya ndani ya shavu lako, unaozunguka mlango wa uke kwa ndani kidogo, sentimita moja au mbili tu. Katikati pana uwazi. Kwa baadhi ya wanawake mkunjo huo umezunguka kote kama pete. Kwa wengine umekaa kama mwezi mwandamo, nyama iko upande wa chini na juu ni wazi. Wapo wenye kizinda kipana, na wapo ambao hakionekani sana tangu walipozaliwa. Nimezalisha na kupima wanawake Tanga kwa zaidi ya miaka ishirini, na sikumbuki viwili vilivyofanana.

Wasichana wanaponijia na swali kama lako huwaomba wavue raba ya nywele, ile iliyovishwa kitambaa cha mikunjo mikunjo. Naishika kwa vidole viwili, uwazi wake ni mdogo. Naivuta, mikunjo inafunguka. Naiachia, inarudi. Kisha napitisha kidole katikati, nakitoa, namwuliza: kuna kilichovunjika hapa? Huitazama raba ile muda mrefu. Mmoja aliondoka nayo mkononi, nywele zimemwangukia chini ya mtandio, hakuwa na habari nazo. Msichana akishabalehe, homoni ya estrojeni hukifanya kizinda kiwe kinene, chenye unyevu na chenye kunyumbuka. Kinaweza kufunguka bila ya kuchanika. Kinaweza pia kuchanika kidogo pembeni na kupona baada ya siku chache, na kwa kawaida hakuna alama inayobaki.

Naona lugha yetu nayo imechangia hofu hii. Msichana akipata hedhi ya kwanza tunasema amevunja ungo, akikutana na mwanamume mara ya kwanza tunasema amevunjwa, ametolewa, amebikiriwa. Kila neno lina kitu kinachopasuka au kinachochukuliwa. Ndiyo maana ulipoona tone moja la damu hukufikiria mkwaruzo. Ulifikiria kuvunjika. Na wewe ulikuwa mwezini, mwanangu! Tone lile linaweza kuwa la hedhi yenyewe, au ni ngozi iliyokwaruzwa na pamba kavu iliyosukumwa kwa nguvu. Mkwaruzo kama huo unapona kama midomo inavyopona ikichubuka.

Kuna jambo nataka ulijue wewe, na ikiwezekana shangazi yako pia. Mwaka 2004 madaktari wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwachunguza wasichana 36 waliokuwa wajawazito au waliowahi kuwa wajawazito. Kwa wote hao hapakuwa na shaka ya kilichotokea. Lakini walipovitazama vizinda vyao, ni wawili tu walioonyesha dalili ya wazi kwamba waliingiliwa. Kama daktari aliyezoea kazi hiyo hawezi kutambua kwa mwenye mimba, nani atatambua kwa binti aliyejaribu tamponi? Oktoba 2018 Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine mawili ya Umoja wa Mataifa walitoa wito upimaji wa bikira upigwe marufuku kila mahali, kwa sababu hauna msingi wa kitaalamu na unawaumiza wanaofanyiwa.

Mimi nimeuona ukifanyika. Nilikuwa bado mkunga mchanga, katika zahanati moja ambayo sitaitaja. Binti aliletwa na shangazi zake wawili, wanataka karatasi ya kupeleka upande wa mume. Mkubwa wangu wa kazi alimlaza, akanipa tochi nimulike, akatazama kwa muda usiofika dakika moja, kisha akaandika kwamba hayuko kamili. Nilichokiona mimi kwa mwanga wa tochi ile ni kizinda chenye uwazi mpana, kama walivyo nacho wengi. Binti alikuwa ameuma upindo wa kanga yake asitoe sauti. Posa ilirudishwa. Mimi sikusema neno siku ile, na mpaka leo nikishika tochi ya kazini namkumbuka. Kwa hiyo mtu yeyote akikuambia uende ukapimwe, awe ndugu au awe amevaa koti jeupe, kataa. Hakuna kipimo hicho. Atakachokuandikia ni dhana yake.

Mimi si mwalimu wa dini, lakini kwa kuwa umetaja Mfungo Mosi nadhani hili litakutuliza. Fiqhi ya Kishafii tunayoifuata hapa pwani haimwondolei mwanamke hukumu ya ubikira kwa kuwa utando umeondoka bila ya kuingiliwa, kwa mfano kwa kuanguka. Masheikhe wa zamani, ambao hawakuwa na darubini wala vitabu vya tiba vya leo, walijua kuwa nyama na heshima ya mtu ni vitu viwili. Muulize ustadhi unayemwamini, atakufafanulia vizuri kuliko mimi.

Sasa kisarawanda. Najua uzito wake, na sitakuambia ni jambo la kupuuza wakati ni wewe utakayelala chumba kile na ni mama yako atakayekaa sebuleni akisubiri. Nitakuambia ukweli wa mwili. Wanawake wengi hawatoki damu mara ya kwanza, na kitambaa kikiamka cheupe hakisemi lolote juu ya jana yao. Wanaotoka damu mara nyingi ni kwa sababu ya haraka, ukavu na woga uliokaza misuli. Ukitaka kulizuia jambo hili lisiwe kesi, usingoje usiku wa harusi. Nenda kwa somo wako au kungwi wako mapema, umweleze habari ya ile raba ya nywele. Makungwi wengi ninaowajua ni wanawake wenye busara, wameona ndoa nyingi, na wanajua kulisema jambo kwa shangazi mtu kwa namna ambayo wewe huwezi. Wapo wanaolimaliza kimya kimya jikoni na hakuna anayeulizwa kitu.

Na tafadhali sana, usiguse shabu. Najua inanong'onwa kwamba ukijiweka shabu patabana. Shabu inakausha na kuchoma ngozi laini ya uke, unaingia usiku wa harusi ukiwa na vidonda, na kidonda ni mlango wa maradhi. Vivyo hivyo majani, unga wa dukani na vidonge vinavyouzwa kwa siri vya kurudisha bikira. Hakuna kilichoondoka, kwa hiyo hakuna cha kurudisha.

Kuhusu mchumba wako, kukiri ni kwa aliyekosa. Ukitaka kumsimulia kama mtu anavyosimulia siku yake mbaya pwani, msimulie. Ukitaka kunyamaza, nyamaza bila ya kujiona umemficha kitu.

Kuhusu tamponi yenyewe, haikuingia kwa sababu zinazoeleweka. Ulikuwa na wasiwasi, chooni, mashoga wanagonga mlango, na ukisukuma kwa nguvu huku unaogopa, misuli ya mlango wa uke hujikaza yenyewe bila ya wewe kuiamuru. Pia wengi husukuma kuelekea juu, kumbe uke umelala kwa kuinama kuelekea mgongo wa chini, pale kiunoni. Ukitaka kujaribu tena, na hulazimiki, fanya nyumbani kwa utulivu siku ambayo damu inatoka nyingi, maana unyevu wake unasaidia. Chukua saizi ndogo kabisa. Nawa mikono kwa sabuni. Chuchumaa, au weka mguu mmoja juu ya kigoda. Vuta pumzi, na unapoitoa taratibu ndipo usukume, uelekeze nyuma, mpaka kidole kiingie kama nusu yake. Uzi unabaki nje. Ikikaa mahali pake huisikii kabisa; ukiisikia inakuchoma unapokaa, haijafika ndani vya kutosha, itoe uanze na nyingine. Haiwezi kupotelea tumboni, kwa sababu mwisho wa uke pana mlango wa kizazi, na tundu lake ni dogo mno tamponi kupita.

Ibadilishe kila baada ya saa nne, na isizidi saa nane hata ukilala. Usiweke mbili, wala usisahau ya mwisho hedhi inapokatika. Nasisitiza kwa sababu mwaka 1980 huko Marekani wanawake wengi waliugua, na baadhi walifariki, kwa sumu ya bakteria iliyohusishwa na tamponi za kunyonya damu nyingi mno. Ni ugonjwa wa nadra, lakini ukiwa umevaa tamponi ukapata homa kali ya ghafla, kutapika, kuharisha, vipele kama ngozi iliyoungua jua na kuishiwa nguvu, itoe na ukimbie hospitali, uwaambie ulikuwa umeivaa. Tamponi ikikataa kabisa kila ukijaribu, rudi kwenye pedi au kitambaa safi kilichofuliwa na kuanikwa juani. Kuogelea kunaweza kungoja wiki moja.

Vipo vizinda vichache vinavyohitaji daktari. Kimoja kina ukanda wa nyama uliokatiza katikati, kwa hiyo tamponi huweza kuingia ikiwa nyembamba na ikashindwa kutoka ikishavimba kwa damu. Ikikutokea usiivute kwa nguvu, nenda usaidiwe. Kingine kimeziba kabisa, nacho hutokea kwa msichana 1 kati ya 1,000 hadi 10,000. Huyo amekua, ana matiti, wenzake wote wameshavunja ungo yeye bado, na kila mwezi tumbo la chini linamsokota siku kadhaa kisha linatulia. Kwetu hapa msichana kama huyo huambiwa ana chango, akanyweshwa mizizi mwaka mzima. Nilimpokea mmoja ambaye tumbo lilikuwa limevimba mpaka mkojo ukawa hautoki, na mtaa ulikuwa umeshasema ana mimba. Daktari alimchana mchano mdogo akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, ikatoka damu nyeusi nzito kama asali ya muda mrefu. Alipozinduka aliomba chai ya maziwa. Mama mzazi wa msichana yule aliungoja mlango wa wodi ufunguliwe awaite majirani waje wasikie wenyewe kutoka kwa daktari. Wewe hedhi yako inatoka, kwa hiyo hilo haliko kwako. Nimelitaja kwa ajili ya wadogo zako.

Tumefika kwenye siku tisa. Hedhi ya kawaida haizidi siku saba au nane. Kwetu nimesikia wanawake wakisema, mradi haijafika siku kumi na tano bado ni hedhi, hakuna neno. Siku kumi na tano ni hesabu ya sala na twahara, na kwa kazi hiyo ni sahihi. Daktari ana hesabu nyingine. Ukitoka damu zaidi ya siku nane, ukibadilisha pedi kila saa au kila saa mbili, ukiona mabonge makubwa kuliko sarafu, hiyo ni damu nyingi kupita kiasi. Na kizunguzungu cha ngazini kinaniambia kwamba huenda umeshapungukiwa. Mwili unaweza kuizoea hali hiyo polepole mpaka mtu anaona ndivyo alivyo, mvivu, wa kuchoka, wa kupenda kulala mchana. Nataka ufike Mfungo Mosi ukiwa na damu ya kutosha mwilini, kwa sababu baada ya harusi huja mimba, na mimba juu ya upungufu wa damu ni hatari ninayoijua vizuri.

Kwa hiyo nenda. Unaweza kuanzia kituo cha afya cha Makorora au hospitali ya Bombo moja kwa moja. Nakuambia yatakayotokea ili usiende gizani. Utaulizwa umri, hedhi yako ya mwisho, siku ngapi, pedi ngapi kwa siku. Andika hayo kwenye karatasi kabla ya kutoka nyumbani. Utaulizwa kama umewahi kukutana na mwanamume. Jibu kwa ukweli, na kama mama amekaa pembeni na huwezi kusema, una haki ya kuomba mzungumze faragha. Huenda ukapimwa mkojo kuangalia mimba. Usikasirike, tunampima kila mwanamke mwenye tatizo la hedhi. Damu itachukuliwa mkononi kuangalia kiwango cha damu mwilini, yaani HB. Kama kuna haja ya kuona kizazi, utapigwa ultrasaundi ya juu ya tumbo: unakunywa maji mpaka mkojo ujae, unapakwa jeli ya baridi chini ya kitovu, kifaa kinateleza juu ya ngozi. Hakuna kinachoingia ndani. Ipo ultrasaundi nyingine ya kupitia ukeni, nayo hatumfanyii binti ambaye hajaanza kukutana kimwili ilhali ile ya juu inatosha.

Na hivyo vyuma unavyoviogopa, spekulamu, ni kifaa cha kufungulia uke ili daktari auone mlango wa kizazi. Kwa tatizo lako sioni sababu ya kukitumia siku ya kwanza. Uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi, ambao ndio unaowafanya wanawake wengi wakutane nacho, hapa nchini huwalenga zaidi wenye miaka 30 na kuendelea. Wadogo zako wa kike wao wana chanjo ya kuwakinga na saratani hiyo. Ilianza kutolewa nchini mwaka 2018, na sasa ni sindano moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Ikitokea siku moja spekulamu ikahitajika, ipo ndogo, inapakwa kilainishi, na haikutoi bikira kama vile kijiko cha daktari wa koo hakikulishi. Unaweza kuomba akuhudumie mwanamke. Asipokuwepo, omba muuguzi wa kike asimame kando yako. Ukisema "naomba usubiri" au "basi", lazima mkono wake usimame. Sema hivi mara tu unapokaa: "Daktari, sijawahi kukutana na mwanamume, na naogopa kupimwa ndani." Kwa sentensi hiyo moja, daktari mwenye adabu ya kazi yake anajua afanye nini.

Sababu ya damu nyingi kwa msichana wa umri wako mara nyingi ni homoni ambazo hazijakaa sawa. Mara nyingine ni uvimbe kwenye kizazi, na wapo wachache ambao damu yao haigandi vizuri. Ukiwa mtu ambaye ufizi hutoka damu ovyo, au ukijikata damu huchelewa kukatika, mtajie daktari. Dawa zipo, nyingi ni vidonge vya kumeza, pamoja na madini ya chuma ya kurudisha damu. Ukipewa vya chuma kinyesi kitakuwa cheusi, usishtuke. Vimeze na kitu chenye ndimu au chungwa, usivimeze na chai, maana chai inavizuia.

HB ya mwanamke asiye na mimba inatakiwa iwe 12 au zaidi. Omba uandikiwe namba yako kwenye karatasi, usikubali kuambiwa tu "damu ndogo", na ukiipata niandikie.